Kwa nini idadi za kunukuliwa kwa mtafiti hazilingani

Imani iliyoenea kwa miaka mingi vyuoni ni kwamba kila mtafiti ana idadi moja ya kweli ya mara alizonukuliwa na wenzake, hivyo Google Scholar ikionyesha idadi kubwa kuliko Scopus au Web of Science (yote mitatu ni mifumo ya mtandaoni ya kutafuta kazi za kitaaluma na kuhesabu nukuu zake), basi mtu huyo ameipandisha kwa hila. Imani hiyo si sahihi, na humtia doa msomi asiye na kosa.

Kila mfumo huhesabu nukuu zilizomo ndani ya mkusanyiko wake tu. Web of Science, iliyotokana na faharasa ya nukuu za kisayansi iliyoanzishwa na Eugene Garfield mwaka 1964, na Scopus, iliyoanzishwa na kampuni ya Elsevier mwaka 2004, huchagua majarida kwa vigezo vyao. Google Scholar, iliyoanza mwaka huohuo, hutumia programu inayopekua mtandao na kukusanya pia tasnifu, vitabu, ripoti na rasimu ambazo hazijahakikiwa. Ndiyo maana tofauti huwa kubwa zaidi katika fasihi, historia na isimu, ambako hoja nzito hujengwa vitabuni, na kwa anayeandika kwa Kiswahili, ambaye mara nyingi hunukuliwa katika tasnifu na majarida yasiyoorodheshwa.

Makosa yapo, bila shaka: makala moja huweza kuhesabiwa kama mbili, kazi za watu wenye majina yanayofanana huchanganywa, na udanganyifu nao hutokea. Hata hivyo, pengo la idadi peke yake halithibitishi lolote kati ya hayo. Kamati ya kupandisha vyeo inapaswa kutaja chanzo na tarehe ya kila hesabu, wala isimpime mtafiti mmoja kwa Scopus na mwenzake kwa Google Scholar.