Kunyumbuka na kunyambuka

Juzi kwenye saiti ya ghorofa hapa Chikongola, Mtwara, injinia kijana alikuwa akimtuliza mwenye nyumba: "Mzee, jengo lako ni nyumbufu. Zege hili gumu, tetemeko halitalitia ufa." Hii ni mara ya tatu mwaka huu nasikia neno hilo likiteswa.

Unyumbufu ni uwezo wa kitu kupinda sana, kubaki kimepinda, na bado kisikatike. Basi. Ugumu ni habari nyingine kabisa. Wanaosema "kama mpira" nao wamepotea njia: mpira ukiuachia hurudi ulikotoka, nondo iliyonyumbuka hairudi.

Neno lenyewe lina ndugu wa kuchanganywa naye. Kunyumbua ni kupinda kitu bila kukivunja. Kunyambua ni kukichana vipandevipande. Nyama iliyopitiliza jikoni hunyambuka. (Walimu wa sarufi bado wanavutana iwapo vitenzi hunyumbuliwa au hunyambuliwa. Mimi nasema hunyumbuliwa: piga, pigia, pigana, mzizi haukatiki.) Irabu moja tu, lakini kwenye nguzo irabu hiyo ni roho za watu.

Tarehe 9 Februari 1971, tetemeko la San Fernando, California, liliikuta hospitali ya Olive View ikiwa mpya kabisa. Nguzo za pembeni, zenye ringi za kawaida (vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo za nguzo), zege lake lilinyambuka likamwagika. Nguzo nyingine za jengo lilelile, zilizozungushiwa chuma mfululizo kama springi, zilinyumbuka: zikapinda vibaya, zikaendelea kubeba ghorofa za juu. Jengo lilibomolewa baadaye, lakini halikuwalalia watu wote waliokuwamo. Kanuni za Marekani za miaka iliyofuata zikaanza kudai ringi zilizobanana. Japani, kwa funzo la tetemeko la Tokachi-oki la 1968, walikwisha kuzibana mwaka huohuo wa 1971: kutoka ringi hadi ringi sentimita 10 kwenye miisho ya nguzo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ugumu utafute kwenye mchanganyiko wa zege. Unyumbufu uko kwenye ringi, na ncha zake zikunjwe nyuzi 135 ziingie ndani ya nguzo, zisiachwe 90 kama nilivyoziona pale, maana ganda la zege likibanduka zinafunguka. Na mzee mwambie tetemeko kubwa likija ufa utakuwepo: nguzo nyumbufu hupinda ikabaki imepinda, ila haikatiki.