Je, wajua? Kwa nini daktari wa meno anauliza habari za chuma cha mguuni

Mama katoka Mbagala na mwanawe wa miaka 7, gego limeoza, usiku mtoto halali. Daktari wa meno, kabla hajawasha taa, anauliza: "Huyu amewahi kufanyiwa upasuaji?" Mama anajibu, "Ni mguu tu, dokta. Bodaboda ilimgonga, wakamwekea vyuma pajani." Moyoni anajiuliza: jino na paja, wapi na wapi?

Vinakutana kwenye damu. Kinywa kina mamia ya aina za bakteria, na jino linapong'olewa vimishipa vya fizi hupasuka, baadhi ya bakteria hao wakapenya humo. Kwa mtoto mwenye afya, kinga ya mwili huwamaliza upesi, mara nyingi ndani ya dakika chache. Wasiwasi uko kwenye chuma. Chuma hakipitiwi na damu, kwa hiyo bakteria akifanikiwa kujishika pale hujijengea utando laini ambao dawa hupata shida kuupenya.

Ndiyo maana zamani wengi walipewa antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, kabla ya kung'oa jino. Lakini mwaka 1997 vyama vya madaktari wa mifupa na wa meno vya Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba mwenye pini, sahani au skrubu mwilini hahitaji dawa hiyo kama utaratibu wa kawaida. Mwaka 2015 madaktari wa meno wa huko wakasema hivyo hivyo, kwa jumla, hata kwa waliowekewa viungo bandia ndani ya mwili, kama goti au nyonga. Sababu yenyewe inafikirisha: bakteria hao hao huingia kwenye damu mtoto anapotafuna au kupiga mswaki, tena kila siku, hasa fizi zikiwa zimevimba. Na palipo na chuma pakitunga usaha, mara nyingi wahusika ni bakteria wa ngozi waliopitia kwenye kidonda.

Kwa hiyo msikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya rangi mbili "vya kuzuia". Ikitokea ni tetrasaiklini, aina mojawapo ya antibayotiki, mtoto chini ya miaka 8 anaweza kubaki na madoa ya kudumu kwenye meno. Wapo wanaohitaji kweli dawa hiyo ya kuzuia, kama watoto wenye magonjwa fulani ya moyo. Mwenye selimundu (sikoseli), mwenye kinga dhaifu au aliyenyooshwa uti wa mgongo kwa vyuma, daktari wake wa mifupa aulizwe kwanza. Kama alitibiwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, au kwingine, piga picha karatasi ya kuruhusiwa, ikae kwenye simu.

Mimi naona kazi kubwa iko kitandani nyumbani. Mtoto kafungwa hogo, kila mgeni anakuja na juisi ya boksi na biskuti, maana nani atamnyima mgonjwa? Anakunywa kidogo kidogo mchana kutwa. Dawa ya maji nayo ina sukari. Mswaki umesahaulika kwa sababu bafuni hafiki, na bibi anasema, "Hayo ya maziwa, yatang'oka tu." Yatang'oka, ndiyo, ila jipu la fizi halisubiri.

Mwinulie mgongo kwa mito, mwekee kitambaa kifuani na bakuli kidevuni. Dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mbaazi. Umri huo bado hajui kufika magego ya nyuma, mpigie wewe, dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Ateme, asisukutue sana, floraidi ibaki kwenye meno. Baada ya hapo ni maji tu mpaka asubuhi. Juisi ziende na mlo, si kati ya mlo mmoja na mwingine.

Homa, uvimbe wa shavu, au maumivu mapya palipo na chuma, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na siku ya kutoa vyuma ikifika, mwangalie mdomoni usiku wa kuamkia. Miaka 6 au 7 ndiyo meno ya mbele yanacheza. Kama lipo linaloning'inia, mwambie daktari wa usingizi kabla hajaanza, kwa sababu likidondoka mtoto amelala linaweza kuingia kwenye njia ya hewa.