Je, wajua kwa nini maharage ya bei rahisi huweza kumaliza mkaa wa wiki nzima?

Ukisimama dukani kwa Mangi na hela ya chakula mkononi, hesabu inaonekana nyepesi. Kilo moja ya maharage makavu ina protini gramu 210 hadi 230 hivi. Kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa iko hapohapo, na bei yake unaijua. Tena maharage yakiiva yanakuwa yamekunywa maji: kilo moja inatoka sufuriani ikiwa zaidi ya kilo mbili. Mbona basi kuna nyumba zilizohamia kwenye maharage na mboga za majani ili kubana matumizi, na mwisho wa mwezi hazioni kilichobaki?

Jibu liko chini ya sufuria. Maharage hulipiwa mara mbili, kwanza dukani, kisha kwa muuza mkaa au mtungi wa gesi. Mapya yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa saa moja au moja na nusu. Yaliyokaa stoo tangu msimu wa juzi, yakitiwa jikoni makavu, yanaweza kuchemka saa tatu na bado ukiyakoroga unasikia kokoto.

Ndani ya punje, chembechembe zimeshikana kwa gundi iitwayo pektini, ileile inayoigandisha jemu. Harage kuiva ni gundi hiyo kulegea kwa maji ya moto. Adui wa ulegeaji huo ni madini ya kalsiamu na magnesiamu, ambayo huikaza. Maharage yakihifadhiwa muda mrefu penye joto na unyevunyevu, kalsiamu iliyokuwa imefungwa ndani ya punje huachiwa na kwenda kuing'ang'ania gundi. Kwa hiyo uzee wa maharage si ukavu tu, na kuongeza maji hakuurudishi ujana.

Maji nayo yana neno. Maji magumu, yale ambayo sabuni inakataa kutoa povu, yana kalsiamu yake tayari. Nyanya na ndimu, kwa sababu ya uchachu, nazo huizuia gundi isilegee. Anayetia nyanya kabla maharage hayajaiva amejitakia kukaa jikoni hadi usiku. Chumvi ya kawaida imesingiziwa bure. Ukiitia kidogo kwenye maji ya kulowekea, inasaidia ganda kulainika. Hata mahali unapoishi pana mchango: Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100 za Dar es Salaam, kwa hiyo sufuria ya Mbeya lazima ikawie.

Wengi hukimbilia magadi. Yanafanya kazi kweli, kwa sababu huiondoa ile kalsiamu na kuilainisha gundi haraka. Lakini huharibu vitamini B1, na katika nyumba inayotegemea maharage kwa chakula kikuu hiyo si hasara ndogo. Mimi nayaona ni dawa ya dharura tu.

Ndiyo maana ratiba ya wiki ya nyumba inayokula mboga zaidi ya nyama haianzi na orodha ya vyakula. Inaanza na kuhesabu siku za moto mrefu. Kwa familia ya watu watano, siku mbili zinatosha. Jumamosi usiku unaloweka kilo moja. Jumapili asubuhi unamwaga yale maji, kwa sababu sehemu ya sukari zinazojaza gesi tumboni imetoka humo, unatia mengine, unachemsha yote kwa chumvi tu. Nusu inaungwa kwa nazi, inaliwa na wali. Nusu inaingia kwenye friji ikiwa tupu, bila nyanya wala nazi, na Jumanne inakutana na mahindi yaliyokobolewa kuwa makande. Alhamisi unachemsha tena, kiasi kidogo kuliko cha Jumapili.

Asiye na friji asijaribu kulaza sufuria kwenye joto la Pwani kwa kutegemea kuichemsha asubuhi, maana kuna sumu za vijidudu ambazo moto hauziondoi. Huyo apunguze maharage, aegemee choroko na dengu zilizopasuliwa. Punje zake ni ndogo, dengu hizo hazina hata ganda, na zinaiva ndani ya nusu saa au zaidi kidogo. Kwenye mizani zinaweza kuwa ghali kuliko maharage, lakini ukijumlisha mkaa mara nyingi zinashinda.

Njia nyingine ya kuokoa moto ni kikapu chenye nguo nene au mito: unachemsha maharage yaliyolowekwa, unafunika vizuri, unaifukia sufuria humo ijipikie kwa joto lake. Lakini maharage mekundu lazima kwanza yatokote kwa nguvu dakika kumi au zaidi, kwa kuwa yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na joto la uvuguvugu haliiondoi.

Siku zilizobaki ni za majani: matembele, mchicha, kisamvu cha karanga. (Kisamvu kitwangwe na kichemshwe sana, kina sumu yake. Karanga zenye ukungu zitupwe bila huruma, maana sumukuvu haiondoki kwa kupikwa.) Unga na mchele hununuliwa kwa mwezi, jamii ya kunde kwa wiki, majani kwa siku, na gengeni ni bora kufika jioni, muuzaji anapotaka kumaliza mafungu yake kabla hayajanyauka.

Na afya je? Mahindi yana upungufu wa lisini, moja ya viungo vya kujengea protini, na maharage yanayo tele. Mahindi nayo huyafidia maharage kwa methionini. Makande na ugali kwa maharage vimekuwa vikifanya hesabu hiyo muda mrefu kabla ya maabara. Madini ya chuma yaliyo kwenye maharage huingia mwilini kwa shida, lakini kachumbari iliyokamuliwa ndimu hurahisisha, wakati chai ya rangi huzuia. Chapati maharage na chai ni utamu usiopingika, ila kwa mjamzito na mtoto chai hiyo ingesubiri saa moja. Vitamini B12 haimo kwenye mimea, kwa hiyo dagaa wa siku moja ya wiki, tuseme Jumatano, au mayai na maziwa, wana sababu ya kuwemo.

Kinachobaki ni kuyajua maharage mapya dukani. Yanang'aa, rangi haijafifia wala kuwa nyeusi, ganda halina makunyanzi. Lakini macho hudanganywa, hasa gunia likiwa limechanganywa ya misimu miwili. Kabla ya kununua debe zima, nunua kibaba kimoja, ukapike nyumbani, na uangalie saa.