Kisu cha kukunja kwa safari za Usambara: kagua kiungo kabla ya makali

Kisu cha kukunja hakifi kwa kuisha makali. Makali yakiisha unanoa, maisha yanaendelea. Kinachokiua ni kiungo, pale ubapa unapokutana na mpini, penye pini, springi na loki. Mchanga wa ufukwe wa Raskazone, utomvu wa fenesi, ukungu wa msitu wa Amani, vyote mwisho wa safari vinalala humo. Ndiyo maana mtu akinitumia picha ya kisu akauliza, "Kaka, hiki vipi?", simjibu mpaka anitumie nyingine ya karibu, kikiwa kimefunguliwa nusu.

Kazi yangu ni kuongoza wageni kwenye misitu ya Usambara Mashariki, na siku ambazo sina safari watu huniletea visu hapa Ngamiani, Tanga mjini, kuvinoa na kuvikaza. Kwa hiyo navijua visu vikiwa kazini na vikiwa wagonjwa.

Kabla ya visu, niliondoe swali moja njiani. Vijana wanaotazama video za Wamarekani wakipiga kambi huniuliza kama hawahitaji ile bunduki nyepesi ya kufungua vipande inayoingia kwenye begi. Kwao huko ina historia yake. AR-7 ya mwaka 1959 ilitokana na wazo la bunduki ya rubani aliyeanguka porini, na mtutu, mitambo na magazini yake vyote huchomekwa ndani ya kitako. Ile inayotengenezwa siku hizi na kampuni ya Henry ina uzito wa kama kilo 1.6, na hupiga risasi ndogo za .22 za kuwindia sungura na kindi. Sasa wewe unayepanda kutoka Muheza kwenda Amani, utamwinda nani? Ile ni hifadhi ya mazingira asilia. Ukienda Saadani kwenye nyati na simba, unatembea na askari mwenye silaha inayofaa, na risasi ya .22 kwa nyati ni kumtukana tu. Juu ya hayo kuna sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na habari ya leseni. Acha bunduki. Kitakachotoka mfukoni mara kumi kwa siku ni kisu.

Tuje kwenye chuma. Pwani yetu haina huruma: unaweza kukiacha kisu juu ya meza usiku mmoja tu, karibu na dirisha linalotazama bahari, asubuhi ukakikuta na vidoti vyekundu. Chuma huitwa cha pua kikiwa na kromiamu ya kuanzia asilimia 10.5 hivi; hiyo ndiyo inayojenga utando usioonekana wa kuzuia kutu. Chuma cha kaboni hakina kinga hiyo. Kinanoleka upesi, kinakata vizuri, lakini kinataka kufutwa na kupakwa mafuta kila siku. Ukimenyea machungwa ya Muheza kinageuka kijivu, halafu cheusi. Weusi huo hauna ubaya, hata unakilinda kidogo. Kibaya ni wekundu. Kwa mtu wa Lushoto asiyeshuka baharini, kaboni inafaa kabisa. Kwa mtu wa Tanga mjini, Pangani au Mkinga, nunua cha pua na ulale usingizi.

Wapo watakaokusifia chuma cha zana kiitwacho D2, kwamba kinakaa na makali muda mrefu. Ni kweli kinakaa. Lakini ingawa kina kromiamu kama asilimia 12, sehemu kubwa imefungwa pamoja na kaboni ndani ya chembe ngumu, kwa hiyo inayobaki kuzuia kutu ni kidogo. Kwenye hewa ya chumvi kinapata vidoti. Tena kukinoa kwa kijiwe cha mfukoni ni adhabu. Ukiwa siku ya tatu porini, chuma laini kiasi unachoweza kukinoa kwa dakika tano kina faida kuliko chuma kigumu unachokisubiri mpaka urudi mjini. Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wengi wa visu, na sijaona sababu ya kubadilika.

Sasa kiungo chenyewe. Kuna kisu kisicho na loki, kinachoshikwa na springi ya mgongoni tu. Vile vidogo vyekundu vya Victorinox vya milimita 91 viko hivyo: vyepesi, cha kawaida hakifiki gramu 70, chuma kizuri cha pua, na ukichukua chenye msumeno, ule msumeno mdogo unakata kijiti cha unene wa kidole gumba kwa haraka ya kushangaza. Lakini usichomee nacho kitu. Ukisukuma ncha mbele, ubapa unaweza kukurudia vidoleni.

Kuna loki ya mgongoni, ambapo kipande cha chuma huzama kwenye pengo la ubapa, na kuufunga unabonyeza mgongo wa mpini. Ni imara, ila kile kipengo ni shimo la uchafu. Mchanga ukijaa humo loki haishuki mpaka chini, na wewe unadhani imefunga. Kuna loki ya bamba la ndani: bamba jembamba linaruka pembeni na kusimama nyuma ya ubapa. Hiyo ni rahisi kusafisha kwa sababu iko wazi, lakini wakati wa kufunga kidole gumba kinapita kwenye njia ya makali. Mvua ikinyesha na mikono imelegea kwa baridi, watu hujikata hapo, si wakati wa kukata kamba.

Halafu kuna ile pete ya Opinel. Visu hivi vya Ufaransa vilianza mwaka 1890, na mwaka 1955 vikapata pete ya chuma unayoizungusha kwa kidole ili ubapa usirudi. Namba 8 ina ubapa wa sentimita 8.5 na uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo. Kwa wepesi, hakuna kinachonifurahisha zaidi. Kuna kitu kimoja tu, nacho kwa Amani ni kikubwa: mpini wake ni mti. Kule mvua ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mti ukinywa maji unavimba, unaubana ubapa, kisu hakifunguki. Utamwona mtu anauvuta kwa kucha mpaka kucha inakatika. Wenyewe wa Savoie, kule Ufaransa visu hivi vinakotoka, wanajua dawa yake. Zungusha pete hadi ilegee, shika mpini, kisha gonga kitako chake kwenye jiwe au gogo, upande ule ubapa unapotokea. Makali yanachomoza kidogo, unamalizia kwa vidole. Ukifika nyumbani, uache mpini ukauke taratibu kivulini, sio juani wala juu ya jiko, halafu upakae mafuta kwenye mti wa ndani ya kiungo. Kisu cha mpini wa plastiki hakina tabia hiyo, ingawa hakipendezi mkononi.

Dukani usijaribu makali kwa kidole, hayo ni maigizo. Fungua kisu, shika mpini kwa mkono mmoja na ubapa kwa mwingine, tikisa juu-chini. Ukisikia ubapa unacheza, rudisha. Tikisa kushoto-kulia, hapo kama kuna skrubu utaweza kukaza, kama ni pini iliyogongwa itakubidi umtafute fundi mwenye nyundo ndogo na subira. Kifunge polepole na utazame kwa juu: ubapa ushuke katikati ya mpini bila kukwaruza upande. Mwisho, geuza makali juu, vidole mbali na njia yake, ugonge mgongo wa ubapa kwenye mbao, taratibu tu. Loki ikiachia kwa pigo hilo dogo, ingekuachia siku moja porini. Muuzaji akinuna, nenda duka la pili.

Na vile visu vikubwa vyenye dira kwenye kitako na mpini mtupu wa kuwekea ndoano na kiberiti? Dira inaelekea inakotaka. Nimalize hapo.

Vifaa vya kuambatana nacho ni vichache kuliko vile utakavyouziwa. Cha kwanza ni kamba fupi ya nailoni ya rangi ya machungwa au njano, ipite kwenye tundu la mpini. Si pambo. Majani makavu ya msituni yanameza kisu cha mpini wa kahawia papo hapo, unabaki unapapasa wakati wenzako wameshatangulia. Ya katani usiweke, inaoza, nasema hivyo nikiwa mtoto wa mkoa wa mkonge.

Cha pili ni mafuta. Mafuta ya nazi kila nyumba ya Tanga inayo, na kwa ubapa unaokata chakula yanafaa. Ndani ya kiungo hapana. Yanaganda kwenye nyuzi joto kama 24, kwa hiyo kisu kinachofunguka laini hapa mjini kinafika Lushoto asubuhi ya Julai kimekakamaa, na mwenyewe anasema kimeharibika. Tena yakikaa miezi yanachacha na kunata, yanakusanya vumbi. Kiungoni tia tone moja la mafuta ya cherehani, fungua na ufunge mara kadhaa, futa yanayotoka. Tone moja. Kiungo kinachodondosha mafuta kinatengeneza tope.

Cha tatu ni kijiwe kidogo cha kunolea, upande mmoja wa kukwangua, mwingine laini. Weka ubapa wima juu ya jiwe, ulaze nusu, kisha ulaze nusu tena: hapo uko kwenye nyuzi 22 hivi, na ndipo pa kunolea. Sukuma kama unataka kukata kipande chembamba cha jiwe, upande mmoja, mpaka upitishe kidole upande wa pili, kutoka mgongoni kwenda nje, na uhisi kikwaruzo chembamba. Geuza. Ukisahau jiwe, geuza kikombe cha chai: ule ukingo wa chini usio na rangi unanoa vizuri.

Usimpelekee kisu cha maana fundi wa kunoa kwa gurudumu la baiskeli, isipokuwa unamfahamu. Ninawaheshimu, visu vya jikoni na mapanga wanavimudu. Lakini gurudumu kavu linalotoa cheche linapasha joto ule wembamba wa makali kwa muda mfupi sana. Tazama rangi: chuma kikianza kuwa kama majani makavu, kisha zambarau, kisha samawati, ule ugumu uliotiwa kiwandani umeondoka pale. Kitakata siku mbili, kitalala. Dawa ni kukila chuma hicho chote kwa jiwe mpaka ufikie kilicho salama, na wengi hawana ubapa wa kutosha kwa hasara hiyo. Kama lazima, mwombe awe anachovya kwenye maji kila baada ya mpito mmoja.

Fenesi linahitaji maneno yake. Usambara yote linaliwa njiani, na kila mwaka napokea visu vilivyogandishwa nalo. Utomvu wake hautoki kwa maji, wala kwa sabuni; ukisugua kwa sabuni unauhamisha tu kutoka ubapani kwenda kiungoni. Paka ubapa mafuta ya kula kabla ya kukata. Ukishamaliza, usikifunge. Futa kwa karatasi kavu, kisha kwa kitambaa chenye mafuta tena, halafu ndiyo maji ya uvuguvugu na sabuni. Uliokwisha kuingia kwenye kiungo, tia mafuta ya taa kidogo kwa unyoya wa kuku, ngoja, cheza na ubapa mpaka uone maji ya kahawia yanatoka, futa. Osha vizuri baadaye, la sivyo mkate wa kesho utanukia taa. Maji ya bahari ni rahisi zaidi: suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, kausha kikiwa wazi.

Kazi moja kisu cha kukunja hakifanyi ni ya panga. Kuna watu huweka ubapa juu ya kuni na kugonga mgongo wake kwa gogo ili kupasua. Kwa kisu kisichokunjwa inawezekana. Kwa cha kukunja, kila pigo linakwenda kwenye pini moja nyembamba, na siku ikipinda hakuna skrubu itakayoinyoosha. Kama kuna kuni za kupasua, mbebaji mmoja abebe panga, likae kwenye ala. Amani hata hivyo hukati mti wala kijiti kibichi. Tangu mwaka 1997 ni hifadhi, na fimbo ya kutembelea uliyochonga njiani utaulizwa ukitoka. Waambie wageni wako mapema, wasije wakaona askari anawaonea.

Ukiwa unatembea, kisu kifungwe, kiwe mfukoni, sio mkononi. Ukimpa mwenzako, mpe kikiwa kimefungwa. Na kama mgeni wako ana ndege ya kurudi Dar, mkumbushe usiku ule wa kufunga mabegi kwamba kisu kinakwenda kwenye mzigo wa chini; akikisahau kwenye begi la mkononi atakiacha kwa wakaguzi, pamoja na kamba yake ya njano.