Je, wajua kwa nini Paulo na Yakobo wanamtaja Abrahamu yuleyule, kisha wanaonekana kupingana?

Fungua Warumi 3:28: mwanadamu "huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria," yaani Mungu humkubali kuwa mwenye haki. Kisha Yakobo 2:24: mtu "huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake." Wote wawili wanamleta Abrahamu kuwa shahidi, na wote wananukuu mstari mmoja, Mwanzo 15:6. Ndiyo maana ubishi wa imani na matendo hauishi.

Anza na umri wa Abrahamu. Katika Mwanzo 15 anamwamini Mungu na kuhesabiwa haki. Ishmaeli bado hajazaliwa. Anazaliwa baba yake akiwa na miaka 86 (16:16). Tohara inakuja akiwa na miaka 99 (17:24). Kwa hiyo haki ilitangulia tohara kwa miaka isiyopungua 13, na hapo ndipo Paulo anapobana katika Warumi 4:10. Alikuwa akijibu watu waliowaambia waamini wasio Wayahudi kwamba wasipotahiriwa hawawezi kuokoka (Matendo 15:1). Wala haishii kwenye tohara: mfanya kazi hulipwa ujira kwa kuwa anadai (Warumi 4:4), na hakuna anayemdai Mungu.

Yakobo anaruka hadi Mwanzo 22. Isaka ameshakua, anaweza kubeba kuni za sadaka mlimani. Haki ya Mwanzo 15 ilishatolewa miaka mingi nyuma. Sasa imani ile inajaribiwa na kuonekana. Swali la Yakobo liko 2:14, nalo linamhusu mtu *anayesema* ana imani. Mfano wake hauna huruma: ndugu hana nguo wala riziki, unamwambia aende kwa amani, akaote moto na kushiba, halafu humpi kitu. Kuamini kwa mdomo hata mashetani wanaamini, nao hutetemeka (2:19). Angalau wao wanatetemeka.

Kwa hiyo mmoja anaeleza mtu anavyopokelewa na Mungu, mwingine anaeleza imani hai inavyotambulika.

Mpangilio huo unaonekana vizuri kwa Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko (Luka 19). Yesu anajialika nyumbani kwake kwanza, Zakayo akiwa bado hajarudisha hata senti. Baadaye ndipo anaposimama na kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara 4. Torati ilimtaka anayeungama dhuluma arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano tu (Hesabu 5:7). Asiyejua kama amesamehewa hupiga hesabu za kima cha chini. Zakayo alipita mbali. Walokole wa uamsho ulioanza Rwanda na Uganda miaka ya 1930 walifahamika kwa jambo hilohilo: kuungama hadharani na kurudisha vitu vya watu.

Makosa ya kawaida ni mawili. Wapo wanaohesabu sadaka, mfungo na huduma kama malipo ya awali ya mbinguni, na hao hawapati amani, kwa sababu hakuna anayejua kiasi kinachotosha. Wengine hukariri Waefeso 2:8-9, kwamba tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo, wakaacha mstari wa 10 unaosema tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Mistari hiyo mitatu ni hoja moja. Ukiukata mmoja, hoja inageuka.

Mzozo wa makanisa nao ulizuka hapahapa. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Ujerumani, katika dibaji ya Agano Jipya lake la mwaka 1522, aliuita Yakobo waraka wa majani makavu akiulinganisha na nyaraka za Paulo. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ukajibu mwaka 1547: hakuna tendo linalotangulia linaloweza kustahilisha neema ya kuhesabiwa haki, lakini aliyekwisha kuipokea hukua katika haki kwa matendo mema. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Wakatoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni mwanachama wake, walitia saini tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, si kwa stahili yoyote yetu, tukiwezeshwa na kuitwa kutenda mema. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006. Tofauti mojawapo iliyobaki ni kama matendo ya aliyeokoka yaitwe stahili mbele za Mungu. Wakatoliki wanasema ndiyo, kwa kuwa Mungu mwenyewe ameahidi thawabu. Walutheri wanayaita matunda, na hiyo thawabu kwao ni utimilifu wa ahadi.