Limfoma ya Hodgkin: seli moja katikati ya majirani mia

Ukitazama kwa hadubini tezi ya shingo iliyovimba kwa limfoma ya Hodgkin ya aina ya kawaida, saratani ya seli za kinga, kinachoshangaza ni uchache wa saratani yenyewe. Seli za Reed-Sternberg, zile kubwa zenye viini viwili vilivyokodoa kama macho ya bundi, mara nyingi ni kama asilimia 1 tu ya uvimbe. Wengine wote ni seli za kinga: seli T, seli B, makrofaji (seli zinazomeza uchafu na maiti za seli), eosinofili, seli za plazma. Uvimbe unaoushika kwa vidole ni umati wa askari wa mwili.

Umati huo umeitwa. Seli ya Reed-Sternberg asili yake ni seli B iliyopoteza kipokezi chake cha juu, na seli B ya kawaida isiyo na kipokezi hicho hufa. Hii inanusurika kwa kukopa ishara za uhai kwa majirani. Humwaga kemokini, yaani kemikali ya kuita seli, iitwayo CCL17, nayo huvuta seli T zenye kipokezi cha CCR4, zikiwemo zile ambazo kazi yake ni kutuliza kinga. Seli T za CD4, zile zinazosaidia na kuelekeza kinga, huja kuizunguka kama petali za ua. Protini ya CD40L iliyo juu yao hugusa kipokezi cha CD40 cha seli ya saratani, na ndani amri ya kufa inazuiwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Ndiyo maana seli hizi ni ngumu mno kuotesha maabara zikiwa peke yake.

Mbona basi askari waliobanana nayo hivyo hawaiui? Kwenye kromosomu 9, eneo la 9p24.1, nakala za jeni huwa zimeongezeka, na humo ndimo zilimo jeni za PD-L1 na PD-L2, protini za kuzima kinga, na JAK2 inayozichochea. PD-L1 ikigusa PD-1, kipokezi cha breki cha seli T, seli T inazimika. Kirusi cha Epstein-Barr kikiwemo ndani ya seli, nacho hupandisha PD-L1 kupitia protini yake ya LMP1. Isitoshe, seli nyingi za Reed-Sternberg zimepoteza beta-2 mikroglobulini. Bila hiyo HLA ya daraja la kwanza, protini inayoonyesha seli T kilichomo ndani, haikai juu ya seli, na seli T za CD8, wauaji wa kinga, hazina cha kutambua. Kwa hiyo nivolumab, dawa inayoziba PD-1, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa ugonjwa huu uliorudi baada ya matibabu, siielezi kwamba "inaamsha wauaji". Dalili nyingi zinaelekeza kwa seli za CD4.

Haya si ya maabara tu. Sindano nyembamba ikichomwa kwenye tezi hii huchota majirani, na jibu linarudi "tezi imechokozwa tu". Vinundu vya granuloma navyo huweza kuwemo, na kwetu Afrika Mashariki granuloma shingoni husomwa haraka kuwa kifua kikuu cha tezi. Toa tezi nzima. Ikate vipande vya milimita 3 hadi 4, uvizamishe katika formalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10 iliyo bafa, ujazo mara 10 ya kinyama au zaidi, saa 24 hadi 48. Tezi ikitumbukizwa nzima, formalini haifiki katikati kwa wakati; sehemu ya ndani inaoza na rangi za kingamwili, zinazoonyesha protini za seli, zinadanganya.

Katika kusoma rangi hizo, tafuta alama za seli ya Reed-Sternberg: CD30 kwenye utando na kama nukta karibu na kiini, PAX5 hafifu, na CD15 ambayo kukosekana kwake hakufuti utambuzi. CD45, alama ya seli nyeupe za damu, ndiyo mtego: seli ya saratani haina, lakini majirani wanaoikumbatia wanayo, na ukingo wao huonekana kama ni wake. PD-L1 vilevile, makrofaji wa pembeni hung'aa nayo.

Limfoma ya Burkitt, saratani nyingine ya seli B, ni kinyume. Seli za saratani zimejaa pomoni, hujizidisha maradufu kwa saa 24 hadi 48, na makrofaji wachache waliotawanyika kula maiti zake hufanya picha ya anga yenye nyota. Huko sindano mara nyingi hupata cha kutosha.

Prednisoloni, dawa ya steroidi, kabla ya kutoa kinyama ni kosa katika zote mbili. Katika Hodgkin huyeyusha majirani, tezi inanywea, na kila mtu anadhani mgonjwa amepona.