Maksai wa Nane Nane: mpimie kwa mizani, ndoo iache

Maksai wengi wanaofika Ngongo, uwanja wa maonesho ya Nane Nane kule Lindi, mwezi wa nane wana tumbo kubwa na mgongo mkavu. Wamekula sana, ila wamekula majani matupu.

Anza kumnenepesha Aprili. Maksai wa kilo 220 anahitaji chakula kikavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 5.5, au kilo 6 hivi kwa siku ukihesabu unyevu kidogo uliomo: 3.5 za mchanganyiko utakaouona hapa chini, zilizobaki nyasi kavu. Kama nyasi ni mbichi za masika, kilo 10 ndizo sawa na kilo 2.5 kavu, maana zilizobaki ni maji. Akifika kilo 300, mpe mchanganyiko kilo 5 na nyasi kavu 3 na kitu. Mpime kwa utepe wa kukadiria uzito kila baada ya wiki mbili, ukiuzungusha kifuani nyuma ya kwapa, asubuhi kabla hajala. Zebu wetu akiongeza gramu 600 hadi 800 kwa siku, shukuru.

Mchanganyiko wa kilo 100 kwa vitu vya huku kwetu: pumba za mahindi 60, makopa (muhogo mkavu) yaliyotwangwa 20, mashudu ya ufuta 17, chokaa ya mifugo 1.5, madini ya mifugo 1, chumvi nusu kilo. Mashudu yenye ukungu tupa, hata kama umeyanunua ghali.

Chokaa ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayowaumiza. Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi (kalsiamu, ile iliyomo kwenye chokaa) kidogo, basi mawe yanajijenga kwenye mkojo. Maksai aliyehasiwa mapema njia yake ni nyembamba, inaziba upesi. Angalia nywele za ncha ya uume: ukiona chembe nyeupe kama mchanga, au anajikamua na kutoa matone tu, muite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Maji yawepo muda wote. Lita 30 hadi 40 anazimaliza.

Usimrushie kilo 3.5 siku ya kwanza. Anza na kilo 1, ongeza nusu kila siku ya tatu, ugawe asubuhi na jioni, nyasi zitangulie. Kinyesi kikiwa cha kijivu, chepesi, chenye mapovu, tumbo limechachuka: punguza mchanganyiko nusu, ongeza nyasi. Mabibo (matunda ya mkorosho) yaliyochacha yanafanya hivyohivyo, tena yanamlewesha.

Siku ya kumsafirisha mpe nusu ya mchanganyiko, na nyasi zilezile alizozoea zipande naye garini.